Magamba ya dagaa kiganjani

Nimetoka Kibirizi, mwaloni Kigoma, sasa hivi, nguo bado zinanuka dagaa.

Tulikuwa tunamsindikiza mama mmoja mjane kwa mtendaji. Mashemeji wamemtoa kwenye nyumba ya marehemu. Maneno yangu nilishayapanga, makali, hasira imenijaa.

Bibi mmoja mwanika dagaa akanishika mkono.
"Mwanangu, tuombe kwanza."

Tukasimama palepale kwenye vichanja, Waislamu na Wakristo, kila mtu na dua yake. Viganja vya bibi vimejaa magamba madogo, yanang'aa juani. Hakuomba tushinde. Aliwaombea wale mashemeji, mmoja mmoja, kwa majina.

Nikamkumbuka Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za Weusi Marekani. Januari 1956, usiku wa manane, yuko jikoni kwake Montgomery. Ametishiwa kwa simu, kahawa iko mezani, anamwambia Mungu nguvu zimemwishia. Siku chache baadaye nyumba yake ikapigwa bomu, naye akawatuliza watu waliokuja na silaha.

Kwa mtendaji niliongea taratibu. Tunarudi Jumatatu.

Magamba mawili bado yako kiganjani mwangu. Sijanawa.

Ninyi wenzangu wa kazi hizi, huwa mnaomba kabla ya kutoka, au mkishachoka? Niambieni.