Gitaa limetugawa leo

Leo tulikuwa wanne sebuleni, simu tumeweka kando, tukasikiliza The Bridge ya Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazz, mwanzo hadi mwisho.

Kwa asiyeijua: ni albamu ya 1962. Rollins aliacha kupiga hadharani mwaka 1959, akawa anafanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York. Aliporudi hakuja na mpiga piano. Alikuja na Jim Hall na gitaa lake, Bob Cranshaw kwenye besi, Ben Riley kwenye ngoma.

Nilidhani wote tutaipenda.

Wapi!

Mmoja akasema saksafoni inafoka huku gitaa linanong'ona, utadhani wako vyumba viwili tofauti. Mwingine, anayejifunza gitaa, akamkatiza: "Hall hajazidiwa, anasikiliza." Wa tatu alisinzia. (Simlaumu, katoka zamu ya usiku.)

Mimi nilinaswa na kibao kimoja cha polepole. Saksafoni inavuta sauti ndefu, nene, na chini yake Hall anagusa nyuzi mbili tatu, kisha anaacha.

Ile nafasi tupu jamani! Piano ingeijaza yote.

Nimerudisha hapo mara tatu, mpaka wakaninyang'anya rimoti.

Wameshaondoka, naosha vikombe, na bado nazisikia zile nyuzi.

Nyie mlioisikiliza, gitaa limemezwa au ndilo linaloibeba albamu? Nipeni maoni yenu. Ila timu piano, mje taratibu 😄