Ninavyofundisha Mkopo, Kodi na Kura katika Somo Moja

Ratiba nyingi za sekondari hutenga kipindi cha somo la uraia na kipindi kingine cha uchumi, huku elimu ya fedha binafsi, pale inapofundishwa, ikichomekwa mwishoni mwa muhula kama nyongeza. Mimi ni mwalimu wa masomo hayo, na kadiri ninavyozidi kuyafundisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba utengano huo unawanyima wanafunzi jambo la msingi. Kijana anayefundishwa kupanga bajeti yake tu, bila kuelezwa bei hupandaje na sheria hutungwa na nani, huishia kudhani kwamba kila dhiki ya mfukoni mwake imetokana na uzembe wake. Naye anayekaririshwa mihimili mitatu ya dola bila kuonyeshwa jinsi mihimili hiyo inavyoingia katika mshahara atakaolipwa, huimeza kwa ajili ya mtihani na kuisahau mara tu anapoweka kalamu chini.

Ninapenda kuanza na mkataba wa mkopo, kwa sababu ndani yake yamo yote matatu. Tuseme mtu amekopa 120,000, ya sarafu yoyote ile, kwa muda wa mwaka mmoja, na mkopeshaji amemwambia kwamba riba ni asilimia 10. Riba hiyo inapigiwa hesabu juu ya mkopo wote wa mwanzo, kwa hiyo ni 12,000, na deni zima linakuwa 132,000, yaani 11,000 kila mwezi kwa miezi 12. Darasa zima hukubali kwamba hiyo ni asilimia 10. Hapo huwaomba waandike ubaoni, mwezi baada ya mwezi, ni kiasi gani cha fedha za mkopeshaji ambacho bado kimo mikononi mwa mkopaji. Mwezi wa kwanza anazo 120,000 zote. Mwezi wa pili, baada ya kurudisha 10,000 za mkopo wenyewe, anabaki na 110,000. Na hesabu inashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho, ambapo amebaki na 10,000 tu. Wastani wa safu hiyo ni 65,000. Mkopaji, basi, amelipa riba ya 12,000 kwa fedha ambazo kwa wastani wa mwaka mzima zilikuwa 65,000, na hiyo ni zaidi ya asilimia 18. Mkopeshaji mwingine anayetoza asilimia 15 kwa mwaka, lakini juu ya salio lililobaki tu, ataonekana ghali kwenye tangazo ilhali ndiye mwenye nafuu.

Hesabu hii haihitaji kanuni yoyote ngumu. Kujumlisha na kugawanya kunatosha. Ila ikiishia hapo, tutakuwa tumefundisha fedha binafsi peke yake. Swali linalofuata ni la uchumi: ushindani kati ya wakopeshaji utashushaje gharama ikiwa kila mmoja anaitaja bei yake kwa kipimo chake? Soko humtumikia mnunuzi anayeweza kulinganisha, na hapa mnunuzi hawezi. Kutoka hapo tunafika kwenye uraia bila kulazimisha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1968 inayowataka wakopeshaji waeleze gharama ya mkopo kwa kiwango cha mwaka kinachokokotolewa kwa njia moja. Ndipo ninapowauliza wanafunzi kama inatosha kumlazimisha mkopeshaji aseme kweli, au kama sheria inapaswa pia kuweka ukomo wa riba. Wanaotetea ukomo husema kwamba mtu mwenye shida hana nafasi ya kuchagua, na kwamba kuelezwa bei hakumsaidii asiyekuwa na njia nyingine. Wanaoupinga husema kwamba mkopeshaji aliyebanwa atawaacha wale anaowaona hatari, nao watakwenda kwa wakopeshaji wasiojulikana na sheria. Hoja zote mbili zina uzito, na ninafurahi kila ninapoona mwanafunzi akihama upande kwa sababu amesikiliza.

Kodi ya mapato ni mahali pengine ambapo dhana potofu moja ina madhara makubwa. Wapo watu wazima, wasomi kabisa, wanaoamini kwamba nyongeza ya mshahara ikimvusha mtu hadi ngazi ya juu ya kodi atarudi nyumbani na fedha pungufu. Mfano mfupi huondoa dhana hiyo. Chukua mfumo ambao 100,000 za kwanza hazitozwi kodi, 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, na zinazozidi hapo hutozwa asilimia 20. Mwenye mshahara wa 200,000 hulipa 10,000 na kubaki na 190,000. Akiongezwa hadi 210,000, kiwango cha asilimia 20 kinagusa zile 10,000 za juu peke yake. Kodi yake inafika 12,000, naye anabaki na 198,000. Mwanafunzi aliyeelewa hili hatadanganywa kirahisi na mwanasiasa yeyote, awe anayetaka kuzipandisha kodi au anayetaka kuzishusha. Ndipo huwarudisha nyuma hadi mwaka 1215, Uingereza, ambako Magna Carta, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme, ilimzuia kutoza baadhi ya michango bila shauri la pamoja la ufalme. Shauri hilo lilikuwa la mabwana wakubwa na maaskofu, si la watu wote, na safari ndefu ya kutoka hapo hadi kura ya kila raia ndiyo historia ninayotaka waifuatilie wanapouliza bajeti ya taifa hupitishwa na nani.

Kuhusu akiba, tunaambiwa tangu utotoni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli, lakini mfumuko wa bei hukitoboa kibaba chenyewe. Akiba inayopata riba ya asilimia 4 wakati bei zinapanda kwa asilimia 7 inaongezeka tarakimu na kupungua thamani. Ujerumani mwaka 1923 ndiyo mfano usiosahaulika: kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya marki zaidi ya trilioni 4, na familia zilizojinyima kwa miaka mingi zikajikuta akiba yao haina maana. Watu hao hawakukosa nidhamu. Uamuzi wa kugharimia madeni na matumizi ya serikali kwa kuchapa noti ulifanywa mbali na meza zao. Mfano huu unafungua mjadala wa benki kuu. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 1989, iliipa benki kuu yake lengo la kudhibiti bei na uhuru wa kulitekeleza, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Je, ni sawa katika demokrasia kwamba watu wasiopigiwa kura waamue riba inayogusa kila mwenye mkopo? Sitoi jibu, ninawataka waeleze nani angewajibika, na kwa nani, katika kila mpangilio.

Ninalo angalizo moja kwa walimu wenzangu. Msiwaombe wanafunzi walete bajeti za nyumbani kwao. Darasani yupo ambaye wazazi wake wamelemewa na madeni, na yupo ambaye hajui kesho itakuwaje. Zoezi la namna hiyo humfundisha aibu kabla ya hesabu. Tumieni familia za kubuni, zenye kipato kidogo na kikubwa, na wanafunzi watazileta shida halisi wenyewe bila kutaja ni za nani. Heshima hiyo hiyo inahitajika katika siasa: mwanafunzi asitambue chama cha mwalimu wake, na kila anayepinga hoja kwanza aieleze kiasi kwamba mwenye hoja akubali kuwa imeelezwa sawasawa.

Mtihani wangu wa mwisho huwa na karatasi moja tu ya kusoma: tangazo la uwekezaji la kubuni, linaloahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, ahadi ile ile aliyoitoa tapeli Charles Ponzi mjini Boston mwaka 1920. Wanafunzi wanatakiwa kukokotoa 1,000 itakuwa ngapi ikiachwa izunguke pamoja na faida yake mara nane, ambayo ni takriban mwaka mmoja, na wanakuta zaidi ya 25,000. Kisha wanaeleza ni shughuli gani ya uchumi inayoweza kuzalisha faida hiyo, na mwisho wanaandika barua kwa mamlaka inayohusika, wakiitaja kwa cheo chake halisi, wakieleza ni kipengele gani cha tangazo kinachotia shaka na wanaomba hatua gani ichukuliwe. Alama nyingi zaidi nimeziweka kwenye barua.