Uvumi wa bwenini na jumlisha yangu

Jana usiku mpwa wangu alinikamata kwenye hesabu, na leo nimeshinda nalifikiria jambo hilo.

Yuko kidato cha sita, amekuja likizo na daftari lake. Swali: uvumi unaenea katika bweni la wanafunzi 80. Kasi ya kuenea inawiana na idadi ya waliokwisha kuusikia, na inawiana pia na idadi ya ambao hawajausikia. Unda mlinganyo. Swali liliandikwa kwa Kiingereza, kama hesabu zote za kidato chao, tukalitafsiri kwanza. Nadhani hapo ndipo neno "na" liliponiponza. Nikasikia hiki na kile, mkono ukaandika jumlisha: ax + b(80 − x), x ikiwa ni idadi ya waliosikia, a na b zikiwa namba zisizobadilika.

Akautazama kidogo. "Mjomba, kama hakuna hata mmoja anayejua, uvumi unatoka wapi?"

Nikaweka x = 0. Kasi ikatoka 80b. Uvumi umejizua wenyewe! Nikaweka 80, bweni zima linajua, na bado unaenea. Labda kwa mijusi ukutani.

Tukaanza upya, safari hii kwa kuhesabu watu. Wanaojua ni 10, wasiojua 70. Kila mmoja wa wale 10 anaweza kumnong'oneza yeyote kati ya wale 70, kwa hiyo jozi za watu zinazoweza kuupitisha uvumi ni 700. Wakifika 40 kwa 40, jozi ni 1,600. Wakibaki 10 tu wasiojua, tunarudi 700. Basi ni kuzidisha: kasi = kx(80 − x), k ikiwa ni namba isiyobadilika. Ukiweka 0 au 80, kasi ni sifuri, kama inavyotakiwa. Pierre Verhulst, Mbelgiji, aliandika mlinganyo wa sura hiyo mwaka 1838 akizungumzia ongezeko la watu.

Kilichonisumbua hadi nilipolala ni zile a na b zangu. Kila uwiano peke yake ni kweli mradi kile kingine kimesimama tuli. Ndiyo kusema a yangu haikuwa namba isiyobadilika hata kidogo. Ndani yake ilikuwa imeficha k(80 − x). Miaka yote nimekuwa nikifuta k mbili, moja ya kila uwiano, na kuandika moja kwa sababu mwalimu alisema hivyo.

Nikajitetea kwamba jumlisha nayo ina mahali pake: mabomba mawili yanayojaza tangi moja, kila moja linamwaga hata lile jingine likifungwa. Kumbe nimemfungulia mlango. "Na matroni akitangaza kwa kipaza sauti, huku wanafunzi wananong'onezana?"

Matroni hamhitaji aliyesikia, anahitaji wasiosikia tu: c(80 − x). Minong'ono ni ile ile kx(80 − x). Njia mbili, kila moja inajitegemea, zinajumlishwa. Aliandika (c + kx)(80 − x), akafunga daftari, akaniuliza kama chai imebaki.