Peralta Asiuzwe kwa Ahadi

Dodgers wa Los Angeles wamebeba tena World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, Novemba 2025 imeingia, na mashabiki wengi wa besiboli wameweka kofia kabatini hadi Machi. Kwangu mimi huu ndio wakati mtamu. Nina daftari lenye majina ya wachezaji wote 40 wa Milwaukee Brewers walio kwenye orodha kuu, na mbele ya kila jina nimeandika mwaka ambao mchezaji huyo atakuwa huru kwenda anakotaka. Jina linalonisumbua usiku ni moja: Freddy Peralta, 2026.

Klabu imeshatumia haki yake ya kubaki naye msimu ujao kwa dola milioni 8. Huyu ni mrushaji aliyemaliza 2025 akiwa na ushindi 17, mwingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa National League (nusu moja ya ligi kuu; nyingine ni American League), akiruhusu wastani wa mikimbio 2.70 kwa kila iningi tisa, yaani mechi nzima, na akiwatoa wapigaji 204 kwa straiki. Kwenye soko la sasa, milioni 8 kwa mtu wa namna hiyo ni bei ya bure. Mkataba wake alisaini Februari 2020, miaka mitano kwa dola milioni 15.5 na miwili ya ziada kwa hiari ya klabu, wakati hakuna aliyejua atakuwa nani. Sasa umebaki mwaka mmoja. Ndiyo maana tangu mechi ya mwisho ipigwe swali ni hilo hilo: auzwe sasa klabu ipate wachezaji wengine badala yake, au abaki tupambane naye mara moja ya mwisho?

Jibu langu nalisema mapema. Peralta asiuzwe kwa ahadi, yaani kwa vijana wa kusubiriwa. Akiuzwa, auzwe kwa mtu atakayeingia uwanjani Aprili.

Kwanza tuelewane kuhusu Milwaukee. Ndilo soko dogo kuliko yote katika ligi kuu ya Marekani, na mishahara ya kikosi chetu haifiki nusu ya ile ya Dodgers. Besiboli haina kikomo cha mishahara, ina kodi tu kwa klabu inayovuka kiwango fulani, na kwa msimu wa 2025 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 241. Dodgers wanavuka, wanalipa kodi, maisha yanaendelea. Sisi mchezaji wetu akitimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, tunamuaga. Corbin Burnes, aliyetwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2021 akiwa na jezi yetu, alipata Arizona dola milioni 210 kwa miaka sita. Willy Adames alipata San Francisco milioni 182 kwa miaka saba. Hatukuwa na uwezo wa kukaa hata kwenye meza hizo.

Kwa hiyo kuuza si dhambi, na simlaumu meneja mkuu Matt Arnold kwa kuuza. Ninachokipima ni wakati wa kuuza, na kinachorudi.

Chukua biashara ya Josh Hader, kwa sababu ndani yake yamo yote mawili. Mwanzoni mwa Agosti 2022 tulikuwa tunaongoza kundi letu, na Hader ndiye mrushaji aliyekuwa akitufungia mechi, yaani kuingia iningi ya mwisho kulinda ushindi. Klabu ikampeleka San Diego, ikapokea Taylor Rogers, Dinelson Lamet, Robert Gasser na Esteury Ruiz. Lamet aliondolewa kikosini siku chache baadaye, kabla hajarusha mpira hata mmoja kwa Milwaukee. Timu ikapoa. Tulimaliza na ushindi 86, Phillies wakamaliza na 87, wao wakaingia kwenye mtoano na kufika hadi World Series. Mpaka leo naamini kwamba siku ile waliuza imani ya wachezaji waliobaki. Ukiwa unaongoza katikati ya msimu humwondoi mtu anayekufungia mlango. Hilo kwangu halina mjadala.

Lakini fuata uzi. Ruiz alitucheza mechi chache tu, halafu Desemba 2022 akapelekwa Oakland katika biashara ya klabu tatu. Atlanta walimtaka Sean Murphy, Oakland walimtaka Ruiz pamoja na vijana wengine, na Milwaukee tukaondoka na William Contreras, mdakaji, tukaongezewa Joel Payamps na Justin Yeager. Ruiz akaenda kuiba besi 67 (kuchomoka kwenda besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe) mwaka 2023, akaongoza American League, na watu wakaanza kusema tumeibiwa. Contreras akatwaa Silver Slugger, tuzo ya mpigaji bora wa nafasi yake, mwaka huo, akatwaa tena 2024, na msimu huu alidaka akiwa amevunjika kidole cha mkono anaouvalia glavu. Nikiulizwa tulipata nini kwa Hader, sitaji wale wanne. Natoa jina la Contreras.

Angalia kwamba biashara iliyotuumiza ilifanyika Agosti, na iliyotuponya ilifanyika Desemba. Majira ya baridi yanakupa muda wa kuzungumza na klabu zote, unajua nani anaondoka na nani anahitaji nini, na hakuna mchezaji anayefungasha mabegi huku wenzake wanapasha misuli kwa ajili ya mechi ya jioni. Ndiyo sababu nalipenda sana hili dirisha.

Burnes aliuzwa Februari 2024, akiwa amebakiza mwaka mmoja, sawasawa na Peralta leo. Baltimore walitoa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi moja ya kuchagua kwenye drafti ya wachezaji chipukizi. Burnes aliwafaa kwa msimu mmoja, wakaondolewa mapema na Royals, naye akaenda zake Arizona. Ortiz akatushikia besi ya tatu mwaka wa kwanza, kisha akahamia shotistopu, nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu, Adames alipoondoka. Glavu yake ni ya kiwango cha juu, ila gongo lake mwaka 2025 lililala. Hall ameandamwa na majeraha. Hata hivyo naihesabu biashara ile kuwa nzuri, kwa sababu Ortiz alikuwa tayari. Hakuna aliyetuambia tumsubiri hadi 2028.

Kisha Devin Williams, aliyerithi kazi ya Hader ya kufunga mechi. Msomaji wa Milwaukee hahitaji kukumbushwa usiku wa Oktoba 3, 2024, iningi ya tisa, Pete Alonso wa Mets alipompiga homrani, mpira wa kutoka nje ya uwanja, iliyotuondoa kwenye mtoano. Desemba ileile Williams alipelekwa Yankees, akaja Nestor Cortes na kijana mfupi anayeitwa Caleb Durbin. Kaka yangu ni shabiki wa Yankees wa kufa na kuzikana. Machi 29, 2025, Cortes aliposimama kurusha dhidi ya klabu yake ya zamani, mipira yake mitatu ya kwanza yote ilitoka nje ya uwanja: Goldschmidt, Bellinger, Judge. Mechi iliisha 20 kwa 9. Kaka alinitumia ujumbe kila iningi. Tulianza msimu kwa kupoteza mechi nne mfululizo, na kila aliyeandika kuhusu Brewers wiki ile aliandika matanga.

Septemba tulikuwa na rekodi bora kuliko klabu zote, tukamaliza 97 kwa 65. Williams alipata msimu mgumu New York. Cortes aliumia, akaja kuuzwa San Diego mwezi Julai. Aliyebaki ni Durbin, besi ya tatu, homrani 11, mtu anayekubali mpira umgonge mbavuni ili mradi afike besi ya kwanza. Ndani ya biashara ile, jina ambalo magazeti yaliliweka mwisho ndilo lililotubeba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wanaohesabu nyota. Wanasema, tazama Washington walivyomuuza Juan Soto Agosti 2022 baada ya kukataa dola milioni 440. Walipata CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, na wote watatu wameshaitwa kwenye mechi ya nyota. Ni kweli, huwezi kuomba zaidi ya hapo. Lakini Washington mwaka 2025 walipoteza mechi 96, na Julai walimfukuza kocha Davey Martinez pamoja na Mike Rizzo, mtu yuleyule aliyefanya biashara hiyo. Vijana watatu wakali bila watu wa kuwazunguka hawashindi. Kikosi kina watu 26 kila siku, na msimu una mechi 162. Mchezaji wako wa ishirini na mbili ataamua mechi nyingi tu kabla ya Oktoba.

Na katika wachezaji hao wa pembeni Milwaukee hatuna mpinzani. Isaac Collins tulimchukua kutoka Rockies Desemba 2022 kwenye drafti ya Rule 5, ambako klabu huchukua wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwalinda kwenye orodha zao, tena ile ya ligi ndogo ambayo hata mashabiki sugu hawaifuatilii. Agosti hii alipiga homrani ya kumaliza mechi dhidi ya Mets, tukiwa tumetoka nyuma. Chad Patrick alikuja kwa kumtoa Abraham Toro. Trevor Megill tulimpata Minnesota kwa karibu na bure. Quinn Priester alitoka Boston mwezi Aprili wakati warushaji wetu nusu walikuwa hospitali, akamaliza na ushindi 13 na kupoteza 3. Andrew Vaughn alikuwa ameshushwa ligi ndogo na White Sox. Tulimpata Juni, na mara yake ya kwanza kushika gongo kwa jezi yetu alimpiga Yamamoto wa Dodgers homrani iliyoingiza watu watatu. Peralta mwenyewe ni mtoto wa utamaduni huo. Desemba 2015 tulimtoa Adam Lind kwenda Seattle, tukapewa vijana watatu wa kurusha ambao hakuna aliyekuwa amewasikia. Mmoja wao ndiye huyu.

Najua mtu atanikamata hapo. Atasema, si unaona, Peralta alikuwa ahadi, na leo unakataa ahadi! Tofauti ni kwamba mwaka 2015 tulikuwa tunajenga upya. Hatukuwa na cha kupoteza, kijana wa miaka kumi na tisa alikuwa na muda wote wa kukua. Leo tunazo ahadi tele. Jesús Made amefika Double-A, ngazi ya pili kutoka juu katika ligi ndogo, akiwa na miaka 18 tu. Jackson Chourio amefungwa kwa mkataba wa miaka minane, dola milioni 82, aliousaini kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu. Jacob Misiorowski anarusha mpira ambao wapigaji wanausikia kabla ya kuuona. Ghala limejaa mbegu. Kinachotakiwa ni chakula cha msimu huu.

Tena tunajua kabisa ni chakula gani. Katika fainali ya National League, Dodgers walitufunga mechi nne kwa sifuri. Warushaji wetu hawakuaibika. Mechi ya kwanza iliisha 2 kwa 1, ya tatu 3 kwa 1. Tatizo ni kwamba katika mechi nne tuliingiza mikimbio minne, mmoja kila mechi. Blake Snell alicheza iningi nane akaruhusu hiti moja, yaani pigo moja tu la kumfikisha mtu besi. Yamamoto aliruhusu homrani ya Chourio kwenye mpira wa kwanza, kisha akamaliza mechi peke yake. Na mechi ya nne Ohtani alitoa watu kumi kwa straiki akapiga homrani tatu mwenyewe. Sijui mwanadamu anajipangaje dhidi ya hilo. Lakini hata ukimtoa Ohtani, ukweli unabaki palepale: aliyetuongoza kwa homrani msimu mzima ni Christian Yelich, 29, naye mwezi ujao anatimiza miaka 34. Tunashinda kwa kukimbia, kwa kugusa mpira, kwa kumlazimisha mpinzani akosee. Dhidi ya Snell na Yamamoto hakuna anayekosea.

Kwa hiyo nimeweka masharti kwenye daftari. Klabu inayomtaka Peralta ilete mpigaji mwenye nguvu ambaye ameshacheza ligi kuu au yuko Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo, na amebakiza la kuitwa tu, aliyebakiza miaka minne au mitano kabla ya kuwa huru, na ikiwezekana ashike shotistopu ili Ortiz awe mtu wa kuingia mwishoni kulinda uongozi. Juu yake ilete mrushaji kijana wa kuziba pengo la iningi zaidi ya 170 alizozibeba Peralta. Wakitaka Made aongezwe kwenye biashara yoyote, simu ikatwe.

Wasipofikia hapo, abaki. Arushe mechi ya kwanza ya msimu American Family Field, atuongoze hadi Oktoba, na akiondoka tutapewa nafasi ya drafti kama tuliyopewa kwa Adames. Adames alitupigia homrani 32 mwaka wake wa mwisho na tukatwaa kundi letu. Sijawahi kusikia shabiki wa Milwaukee akijuta kwamba alibaki.

Wiki ijayo nitaandika kuhusu wachezaji ambao lazima waingizwe kwenye orodha ya 40 kabla ya Rule 5. Kuna mdakaji mmoja nina wasiwasi naye.