Karafuu za shangazi

Ule msimu wa karafuu nilikuwa kijana wa kuongoza wageni katika msitu wa Ngezi, huku kaskazini mwa Pemba. Mtafiti mmoja wa kigeni, aliyekuja kuhesabu popo, aliteleza juu ya mzizi akavunjika paja. Bima yake ikaagiza helikopta kutoka Dar es Salaam. Tukafurahi, tukidhani itamnyanyua pale pale alipolala.

Rubani akauliza kwa simu kama kuna uwazi. Nikatazama juu. Mivule imefungana, jua lenyewe linapenya kwa vitobo. Kamba ya kuvutia mtu juu hakuwa nayo. Kwa hiyo mgonjwa alitoka kwa mabega yetu, wanaume wanane tukipokezana kitanda cha kamba, saa mbili za matope, naye anauma kitambaa asipige kelele.

Tulimpeleka kwenye uwanja wa mpira. Rubani alikuwa na masharti: pasiwe na nyaya za umeme, wanyama waondoke, kitu chepesi kisibaki. Tukafukuza mbuzi, tukang'oa magoli, tukachoma majani mabichi ili moshi umwonyeshe upepo unakoelekea. Yakabaki majamvi ya shangazi yangu, yenye karafuu zilizokwisha pata jua siku mbili. Kuzizoa nikaona uvivu. Nikaweka mawe pembeni. Upepo ninaoujua mimi ni wa pangaboi la msikitini. Nikauzidisha mara kumi, nikaona mawe yanatosha.

Helikopta ilipofika usawa wa minazi, jamvi la kwanza likainuka na mawe yake. Karafuu zikatupiga usoni kama changarawe. Ilipotua, rubani msaidizi akaruka chini akinyoosha mikono, kuzuia watu wasipite nyuma, kwenye lile panga dogo la mkiani ambalo likizunguka halionekani. Mimi nilikuwa nimeinama, nimefumba macho, nasikia sauti moja tu ikishindana na injini:

"We mtoto! Karafuu zangu we!"

Dakika kumi hazikutimia, mgonjwa yuko angani. Wiki ile ile mchumaji wa mtaani kwetu alianguka mkarafuuni. Yeye alifika Wete kwa gari ya abiria, kalazwa juu ya magunia.

Jioni tuliokota karafuu nyasini na watoto wote wa kijiji. Shangazi akapima. Zilipungua pishi tatu. Mbili nimeshamlipa.