Virusi hatari havitaki mwenye papara

Wengi wakisikia kazi ya kuchunguza virusi hatari hufikiria lile vazi kubwa linalojazwa hewa. Hilo huja mwishoni. Kwanza kuna shahada ya baiolojia, ya udaktari au ya tiba ya wanyama, kisha uzamili na mara nyingi uzamivu. Miaka 8 hupita hivi hivi. Muda huo wote unashika virusi visivyo na makali, hadi mikono izoee utaratibu.

Maabara zina ngazi 4 za usalama. Virusi vya UVIKO-19 hukuzwa kwenye ngazi ya 3. Ebola, Marburg na Lassa ni vya ngazi ya 4: hapo unaogeshwa dawa ukiwa bado umevaa vazi, ndipo ulivue.

Makosa yenyewe ni madogo madogo. Kabati la usalama, lile lililo wazi mbele ambamo unashikia virusi kwa kuingiza mikono tu, hukukinga kwa pazia la hewa inayofyonzwa kwenye matundu ya mbele. Mgeni wa kazi huweka daftari juu ya matundu hayo, basi kinga imekwisha. Kupunga mikono nako hulivuruga pazia. Ingiza mikono taratibu, ikiwa imenyooka, na usubiri kama dakika moja kabla ya kushika chochote.

Tyubu ikipasuka ndani ya mashine ya kuzungusha sampuli, zima, uache kifuniko kimefungwa dakika 30 ili ukungu wenye virusi utue. Mwenye haraka hufungua achungulie, na ukungu wote humpanda usoni.

Sindano ndiyo mbaya zaidi, kwa maoni yangu. Mwaka 2004 nchini Urusi mtafiti alijichoma kwa sindano yenye Ebola, akafariki. Ndiyo maana sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Hutupwa moja kwa moja kwenye chombo kigumu.

Kimiminika kikimwagika, kifunike kwa karatasi za kufyonza, mimina klorini kuanzia pembeni kuelekea katikati, usubiri dakika 30. Klorini ichanganywe siku hiyo hiyo, maana ikilala hupungua nguvu. (Wapo wanaoandika tarehe ya leo kwenye chupa ya juzi.)

Saa nyingi, hata hivyo, huishia kwenye orodha za friji ya nyuzi −80. Kichupa kimoja kisipoonekana mahali pake, kazi husimama hadi kipatikane.