Pikipiki iliyonizidi kimo

Nimedondoka na pikipiki mara nne, na zote nilikuwa nimesimama au ndiyo nasimama. Kwenye mwendo sijawahi. Nina urefu wa sentimita 149, na kazi yangu ya mifugo inanizungusha vijiji vya Rungwe, ambako mvua haina haraka ya kuondoka na njia za udongo zimelalia upande. Unasimama ng'ombe wapite, unashusha mguu, ardhi huikuti. Pikipiki ya kilo mia na kitu ikishaanza kuinama, tena na boksi la dawa nyuma, huwezi kuizuia kwa kidole gumba.

Yangu ni cc 125, zilezile za bodaboda, yenye shokapu mbili nyuma. Siti ilikuwa sentimita 79 kutoka chini. Mguu wangu, kutoka kinena hadi kisigino, ni 67. Gambuti zinaniongezea 2.

Nilianza na njia ya bure ya kuishusha: kulegeza springi. Kwenye kila shokapu kuna kola yenye ngazi, unaizungusha na springi inalegea. Niliiweka ngazi ya chini kabisa. Nikikaa ikawa inazama kidogo zaidi, nikafurahi. Kesho yake nikapakia mtungi wa mbegu za kupandikiza ng'ombe na mwenzangu mmoja, na kila shimo tulilopita shokapu ziligonga mwisho, ko! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shokapu ilikuwa na urefu uleule. Nilichofanya ni kula mapema ile nafasi ya kuzama ambayo ningeihitaji kwenye shimo.

Fundi wangu akaja na lake. "Dokta, tukate springi raundi mbili tu, tumemaliza."

Nilikataa. Springi ukiikata inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko inayofanya kazi imepungua, na ncha uliyokata haikai vizuri kwenye kikalio chake. Akaniuliza mimi ni dokta wa ng'ombe au wa pikipiki. Lakini alikubali kutafuta shokapu fupi. Tukazipata kwa Sh 45,000: zangu zilikuwa sentimita 34 kutoka katikati ya tundu la bolti la juu hadi la chini, hizi 31.5. Bushi zilikuwa nyembamba kidogo, tukajaza kwa washa.

Kabla ya kuzifunga nilimwomba tufanye jambo moja, na ndilo ninalomsisitizia kila anayeniuliza. Tuliisimamisha kwa stendi kubwa, tukatoa shokapu zote mbili, tukalinyanyua tairi kwa mikono mpaka likagusa madigadi. Kisha tukapima umbali kati ya bolti ya juu na ya chini: sentimita 23. Shokapu mpya ikibonyea mpaka mwisho inabaki 24.5. Kwa hiyo hata nikiingia shimoni na mzigo, tairi haligusi. Kama ingebaki 22 ningezirudisha dukani, maana tairi likikamata madigadi ukiwa kwenye mwendo, utajikuta chini kabla hujajua nini kimetokea.

Kuzifunga ilichukua nusu saa. Usumbufu wa kufuatilia yaliyokuja baadaye ulichukua wiki mbili.

Stendi ya pembeni ilikuwa sasa ndefu mno, pikipiki inasimama wima kama askari. Upepo ukiipiga inaangukia upande wa pili, na iliniangukia kweli, mbele ya mama mmoja aliyeniita nimtibie ndama. Tukaikata sentimita 2 na kuichomelea. Stendi kubwa nayo ikawa inataka wanaume wawili kuipandisha, tukaipunguza pia. Taa ikawa inamulika juu ya miti, nikajua tu kwa jinsi wenye magari walivyokuwa wananiwashia. Cheni ilikaza, kwa sababu ule mkono unaoshika tairi la nyuma umekaribia kulala sawa na sproketi ya mbele, na hapo ndipo cheni inapovutika zaidi. Tuliilegeza nikiwa nimekaa juu, siyo pikipiki ikiwa tupu.

Usukani ndio ulionikera kuliko vyote. Nyuma imeshuka, mbele iko palepale, kona zikawa nzito. Tulilegeza vibano vya shokapu za mbele na kupandisha mirija yake sentimita 1.5 ili mbele nayo ishuke, tukabonyeza kwa nguvu kuhakikisha madigadi ya mbele haigongi. Afadhali ikarudi.

Baada ya yote hayo bado nilikuwa nafika chini kwa nusu ya unyayo. Kilichomalizia ni fundi wa makochi, si wa pikipiki. Alipunguza sponji ya siti sentimita 2 juu, na pembeni mwa mbele akaichonga ikawa nyembamba. Siti pana inapanua mapaja, na urefu wa mguu unaishia hewani. Ilivyochongwa, miguu ikashuka moja kwa moja. Ningejua, ningeanza na yeye, pengine shokapu nisingezigusa kabisa.

Sasa unyayo mmoja unatua wote nikisogeza nyonga kidogo, na nimejizoeza kuchagua upande wa juu wa njia kabla sijasimama.

Shokapu za zamani nimezifunga kwenye kiroba, ziko chini ya kitanda. Siku nikiiuza, mnunuzi akiwa mrefu nitampa. Vipande vya stendi ndivyo sina, hivyo atajijua.